Kamera msituni ilivyonikumbusha mshale wa baba

Mpenzi msomaji, ukiniuliza ni kazi gani sikuwahi kuiota maishani, nitakujibu bila kusita: kupanda na kushuka vilima vya Wisconsin, huko Marekani, nimevaa mabuti ya mpira hadi magotini, nikikusanya picha za mnyama ambaye hata jina lake kwa Kiswahili lilinitatiza. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kitui. Nimefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Uwindaji niliuacha nyuma nikiwa mtoto, na nilikuwa na sababu zangu za kutoutaja, sababu ambazo hata watoto wangu hawakuzijua.

Nilifika kule mwezi wa Agosti 2022, mwaka ule ule niliostaafu. Binti yangu ameolewa huko na ana mtoto mmoja wa kike aliyekuwa na miaka sita. Wanaishi kusini magharibi mwa jimbo hilo, sehemu ya vilima na mabonde ambayo, wataalamu wanasema, barafu kuu ya zamani haikuifikia na kuisawazisha kama ilivyofanya kwingineko. Jirani yao ni baba wa mkwe wangu, mzee wa miaka 78 mwenye shamba la ekari mia moja hivi, nusu yake msitu wa mialoni.

Kwetu Ukambani mtu hamwiti mkwe wake kwa jina. Nikamwita Mzee. Naye akamsikia mjukuu wetu akiambiwa kwamba mimi ni mwalimu, akaniita Mwalimu, kwa matamshi ya kuchekesha kidogo, na hivyo ndivyo tulivyoitana hadi nilipoondoka.

Mzee alikuwa amepasuliwa moyo majira ya kuchipua mwaka huo. Daktari alimkataza kupanda vilima na kupanda miti, na mwindaji wa kule hukaa juu ya mti kama tumbili. Mwanawe hana habari na msitu, yeye na kompyuta yake. Kwa hiyo siku ya tatu tangu nifike, Mzee aliniita jikoni kwake, akaweka mezani visanduku vinne vyenye rangi ya magome ya mti, akanitazama machoni na kuniuliza: "Mwalimu, miguu yako ni mizima?"

Visanduku hivyo ni kamera. Unaifunga kwenye mti kwa mkanda, unaiwasha, unaondoka zako. Ndani mna kitambuzi cha joto. Kitu chenye joto kikipita mbele yake, kamera huamka na kupiga picha kabla sekunde moja haijaisha, mchana au usiku. Usiku hutumia mwanga ambao jicho la binadamu halioni vizuri, na picha hutoka nyeusi na nyeupe, ikiwa na tarehe, saa na hata kiwango cha baridi pembeni. Tatu kati ya hizo zilihifadhi picha katika kadi ndogo, na ilibidi mtu azifuate. Ya nne ilizituma kwa mtandao wa simu.

Wazo hilo si geni. Jirani na huko, katika jimbo la Michigan, bwana mmoja aitwaye George Shiras, aliyepata kuwa mbunge wa Pennsylvania, alianza tangu mwishoni mwa karne ya 19 kutega kamera kwa uzi msituni. Mnyama alikanyaga uzi, mwanga ukalipuka, akajipiga picha mwenyewe. Mwezi wa Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Shiras alikuwa mwindaji, na aliishia kuweka bunduki kando na kubaki na kamera tu. Nilimwambia Mzee habari hiyo nikidhani nitamfurahisha. Alinijibu kwamba Shiras bila shaka alikuwa na pesa za kununua nyama.

Sasa mnyama mwenyewe. Kamusi zetu zitakuambia ni kulungu, lakini kulungu wetu wa hapa ni mnyama mwingine kabisa. Pembe za kulungu wetu akiota ameota, hukaa nazo mpaka afe. Huyu wa Marekani, mwenye mkia mweupe kwa chini ambao huuinua kama bendera akishtuka, pembe zake huanguka kila mwaka katika majira ya baridi, na nyingine huota mwaka unaofuata. Zinapoota huwa zimefunikwa ngozi laini kama mahameli. Mwisho wa Agosti au mapema Septemba ngozi hiyo hukauka, naye huisugua mitini ikatoka mapande mapande. Wasomaji wa Zaburi wanamjua jamaa yake kwa jina la ayala. Nami nitamwita hivyo.

Usidhani kutega kamera ni mchezo. Mara ya kwanza niliifunga ikiwa imeelekea mashariki, ukingoni mwa shamba la soya. Baada ya wiki moja nikaleta kadi kwa fahari. Picha 1,140! Mzee akavaa miwani. Jua linachomoza. Majani yanapepea. Majani tena. Jua. Mnyama mmoja wa kwao mwenye uso kama amevaa barakoa. Majani. Hakucheka, ila mjukuu wetu alicheka kwa niaba yake. Nikafundishwa: kamera itazame kaskazini jua lisiichokoze, ifungwe kimo cha kiuno, majani ya mbele yafyekwe. Uende adhuhuri wakati wanyama wamelala, uvae mabuti ya mpira yasiyoacha harufu, usiguse kitu kwa mkono mtupu, na ukiweza uende mvua ikiwa karibu ili ikufutie nyayo. Ayala dume aliyekomaa akinusa harufu yako mara mbili mahali pamoja, hutamwona tena mchana.

Lakini elimu yenyewe ilikuwa mezani, jioni, tukipitia picha. "Usianze na pembe," Mzee aliniambia. "Pembe hudanganya. Angalia tumbo." Dume wa mwaka mmoja na nusu ana mwili mwembamba na miguu mirefu, kama jike aliyeazima pembe. Wa miaka mitatu ana kifua cha mwanariadha. Wa miaka mitano na zaidi, mgongo umeanza kubonyea, tumbo linaning'inia, shingo imeungana na kifua, na miguu inaonekana mifupi kwa mwili ule. Lishe mbaya inaweza kumpa mkubwa pembe duni, na lishe nzuri ikampa kijana pembe za kujivunia, lakini tumbo la uzee halijifichi.

Ndipo tulipomwona. Tarehe 27 Agosti, saa saba na dakika kumi usiku: dume mzito, sikio la kushoto limechanika pembeni. Mzee alinyamaza kwa muda. Akafungua droo, akatoa picha za mwaka 2020 na 2021. Sikio lile lile. Mwaka 2020 alikuwa kijana wa miaka mitatu hivi, kwa hiyo sasa alikuwa wa tano. Wawindaji wa kule huwapa madume majina, na kwa tumbo lile mimi nilipendekeza Chifu. Nilipowaeleza machifu wa kwetu wa enzi zile walivyokuwa, jina likapita bila kupingwa.

Chifu alitusumbua. Mwezi wa Agosti madume hutembea pamoja kwa amani kama vijana wa mtaa mmoja. Ngozi ya pembe ikishatoka, urafiki huisha na kila mmoja hushika njia yake. Septemba nzima picha zake zilikuwa za usiku tu: saa saba, saa tisa, saa kumi alfajiri. Mzee alisema kwamba dume anayefika shambani saa saba usiku amelala mbali, na kujua anapokula si kujua anapolala. Sheria hairuhusu kupiga usiku. Basi picha zote zile hazikutufaa kitu.

Mwezi wa Oktoba, msomaji, ndipo jambo lilinitokea. Nilikuwa nikirudi kutoka kamera ya pili nikapita kijito fulani, na kabla sijafikiri nikajikuta nimechuchumaa. Palikuwa na nyayo kwenye matope. Pana, zimezama, kwato zimeachana mbele, na vile vikwato vya nyuma vimegusa ardhi. Mnyama mzito, anatembea bila haraka, alipita baada ya mvua ya jana kwa sababu kingo zilikuwa kali. Nani aliniambia hayo? Sikuyasoma katika kitabu chochote. Nilizifuata zile nyayo hadi upande wa kilima usiopigwa na upepo, nikapata mti mnene kama paja langu, gome limesuguliwa hadi likabaki jeupe. Mbele kidogo palikuwa na mahali ardhi imeparuliwa chini ya tawi lililovunjwavunjwa ncha. Hiyo ni barua yao. Dume huparua udongo, hukojoa hapo, na husugua tawi kwa uso ili wengine wamjue. Chini ya mwerezi nikakuta majani yamelaliwa.

Nilikaa pale chini muda mrefu. Nilikuwa nikisikia sauti ya baba yangu.

Baba alikuwa mwindaji. Kwa Wakamba wa kizazi chake hilo halikuwa jambo la kuficha. Alikuwa na upinde na podo, alijua kupika sumu ya msunguti ya kupaka mishale, na alinifundisha kusoma nyayo kabla sijajua kusoma kitabu. Tulikula paa, tulikula kanga, na mara moja moja tandala mdogo. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji kote nchini Kenya. Mimi siipingi sheria hiyo, na nisingependa unielewe vibaya. Miaka ile ndovu na vifaru walikuwa wakimalizwa. Ndovu wetu waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 mwaka 1989. Ila aliyekuwa akimaliza ndovu hakuwa mzee wa Kitui mwenye paa mmoja kwenye kikapu. Mwaka 1979 baba alikamatwa na paa huyo mmoja, akafungwa miezi sita.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Wenzangu waliponiuliza kwa nini karo yangu imechelewa, niliwaambia baba amekwenda Mombasa kufanya kazi bandarini. Uongo ule ulinifaa, nikaendelea nao. Baba alipotoka alikuwa ameupa upinde kisogo, na hakuugusa tena. Alifariki mwaka 1994. Mke wangu nilimwambia bandari. Watoto wangu niliwaambia bandari. Binti yangu huyo wa Wisconsin aliwahi kuandika insha shuleni kuhusu babu yake, mpakuzi wa meli, akapata alama nzuri.

Nilihamisha kamera ile ya mtandao wa simu nikaifunga penye mti uliosuguliwa. Tarehe 2 Novemba, saa mbili na robo asubuhi, simu ya Mzee ikalia tukiwa tunakunywa chai. Chifu, mchana kweupe, shingo imevimba kwa majira ya kupandana, akinusa tawi lake. Mzee alinisukumia simu. "Umejuaje?" Nikamwambia nilibahatisha.

Lazima nikueleze hapa kwamba si Wamarekani wote wanaozipenda kamera hizi. Jimbo la Arizona lilizipiga marufuku kwa wawindaji kuanzia Januari 2022, maana kule ni nchi kavu, na kila penye maji palikuwa pamezungukwa na kamera, wanyama hawana pa kunywa kwa raha. Klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, haikubali kuwa ni uwindaji wa haki mtu akitumia chombo kinachomletea habari za mnyama papo hapo. Mzee aliifuata kanuni hiyo kwa ukali: siku ya kuwinda, simu ilifungiwa kwenye droo. Nami niliona ni sawa. Ila jina la Roosevelt liliponitoka mdomoni usiku huo, nilijikuta nimekasirika bila sababu ya wazi. Bwana huyo alikuja kwetu mwaka 1909, na katika safari yake Afrika Mashariki yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Alishangiliwa. Vitabu vya watoto vinamtaja. Nikapanda kitandani mapema.

Msimu wa bunduki wa Wisconsin ni siku tisa, huanza Jumamosi kabla ya sikukuu yao ya kushukuru. Mwaka huo ilikuwa tarehe 19 Novemba. Watu huvaa rangi ya machungwa inayowaka ili wasipigane risasi, na ayala hawaitambui rangi hiyo kama sisi. Mkwe wangu alimbeba Mzee kwa kigari cha shambani hadi kwenye kibanda tulichokijenga chini, mkabala na njia ya Chifu. Mimi nilikaa kando yake bila silaha. Baridi ya kule, msomaji, siielezi. Jumamosi tuliona majike wanne na kijana mmoja mwenye pembe za kuazima. Mzee hakuinua bunduki.

Jumapili, saa tatu asubuhi kasoro, nilisikia jani. Nikamgusa Mzee goti. Chifu alikuwa akija polepole, pua juu, upepo ukitoka kwake kuja kwetu. Alisimama penye mti wake. Nilimwangalia kupita nilivyowahi kumwangalia mnyama yeyote tangu utotoni, na sitakudanganya kwamba nilitaka apigwe au nilitaka akimbie. Bunduki ililia mara moja. Alikimbia hatua kama thelathini, akaanguka.

Mzee alikaa kimya, mkono kifuani, nikaogopa. Alisema yuko sawa. Tulimfuata. Mkwe wangu alikuwa bado hajafika, na Mzee alijaribu kuinama na kisu, akashindwa. Alijaribu tena. Nikamwambia, "Lete." Nikamgeuza Chifu chali, nikamkata ngozi kuanzia chini, vidole viwili nimevitanguliza mbele ya ncha ya kisu nisitoboe matumbo, nikamsafisha mpaka ukoo wa kifua. Mikono yangu ilifanya kazi ile kama vile niliiacha jana. Nilipoinua macho Mzee alikuwa akinitazama.

"Mwalimu," alisema, "hujabahatisha chochote tangu Oktoba."

Nikamweleza yote. Pale pale kwenye theluji, mikono ikiwa na damu. Habari za upinde, paa, miezi sita, bandari. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza jambo moja tu: "Paa ana uzito gani?" Nikamwambia kilo tano, pengine sita. Alitikisa kichwa, akamtazama Chifu, asiyepungua kilo themanini, akaangalia kando.

Mchana ule aliandikisha mnyama wake. Sheria inataka kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya pili. Alifanya kwa simu, mezani jikoni, akibonyeza vitufe huku chai ikipoa, na serikali ikampa nambari. Haikuchukua dakika tatu. Nilisimama dirishani nikatazama nje. Najua mnyama wao wako wengi. Waliwapunguza wenyewe hadi wakabaki labda nusu milioni kufikia mwaka 1900, wakatunga sheria, wakapiga marufuku biashara ya nyama ya porini, na leo wanakadiriwa milioni 30. Leseni ni haki ya mwananchi pale. Yote hayo ninayajua, na bado nilisimama dirishani.

Nyama haikuliwa siku hiyo. Tangu mwaka 2002 Wisconsin ina ugonjwa wa ayala unaokula ubongo na kuwakondesha hadi kufa, na vilima vyetu vile ndivyo vilivyoathirika sana. Haujathibitishwa kumwingia binadamu, lakini watu hushauriwa wapime kwanza. Tulipeleka kichwa, nyama ikangoja kwenye friji. Majibu yalitoka baada ya siku kumi na mbili: mzima.

Chakula kile ndicho nilichokiogopa. Mzee alikuwa ameniuliza mara mbili, "Umemwambia?" Nikasema bado. Binti yangu alipika mchuzi, akaweka iliki na pilipili, akatengeneza na ugali. Mjukuu wetu akauliza kama Chifu alikuwa na watoto. Halafu binti yangu, akinipakulia, akasema kwa mzaha kwamba babu yake wa Mombasa angecheka kuona mimi nimekuwa mwindaji uzeeni.

Nikaweka kijiko chini. Nilimwambia kwa Kikamba, ili wengine wasielewe, ingawa Mzee alielewa kutokana na uso wangu. Binti yangu hakulia wala hakukasirika kwa sauti. Aliuliza, "Baba, miezi sita alikuwa jela gani?" Nikamjibu. Akauliza, "Nani alimpelekea chakula?" Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi sikwenda hata mara moja. Alinyanyuka, akaenda kusimama kwenye sinki kwa muda, akarudi akala. Siku tatu aliongea nami maneno ya lazima tu. Ya nne alinijia na daftari, akaniomba nimwambie tena tangu mwanzo, sumu inapikwaje, paa anafuatwaje, na nisiruke kitu.

Nilirudi Kenya katikati ya Desemba. Hapa kwetu kamera za namna hiyo zinatumika pia, bila bunduki: watafiti huwategea bongo wa Aberdare na Mlima Kenya, kwa kuwa wamebaki wachache na ni waoga mno, na mwaka 2019 dunia nzima iliona picha za chui mweusi wa Laikipia zilizopigwa kwa kamera ya kutegwa. Vijana wa vyuo mnaopenda kazi ya wanyama, hiyo ni njia mojawapo ya kuingilia.

Mzee aliniunganisha na ile kamera yake ya mtandao. Saa zetu na zao zinapishana nane au tisa, kwa hiyo picha za alfajiri yao hunifikia mchana, nikiwa kibandani kwangu Kitui nakunywa uji. Nimeona majike, nimeona bata mzinga, nimeona kijana mmoja ambaye mwaka ujao atakuwa na tumbo. Wiki iliyopita simu ililia nikaitazama. Hakuwa mnyama. Alikuwa Mzee mwenyewe, juu kabisa ya kilima alichokatazwa, fimbo mkononi, mabuti ya mpira miguuni, anaitazama kamera na kidole kimewekwa mdomoni.

Binti yangu bado sijamwambia.